Arubuni kwanza, mwanangu

Mwanangu Salma,

Assalamu alaykum. Umenambia wenye nyumba ya wageni Paje wanataka tovuti, nawe unaona haya kuwadai pesa kabla ya kazi. Fundi wa milango hapasui mbao mpaka arubuni imefika, na hakuna anayemwona mkorofi. Yeye ananunua mbao. Wewe unalipia jina la tovuti, nafasi ya kuihifadhi na bando, tena wiki tatu hupokei kazi ya mwengine.

Kwa mteja mpya, chukua nusu. Kazi ikiwa ya shilingi 1,200,000, ziingie 600,000 kabla hujafungua kompyuta. Ya miezi mingi igawe: asilimia 40 mwanzo, 30 akikubali sura ya kwanza ya tovuti, 30 kabla hujamkabidhi neno la siri. Usiombe kwa kujikunyata. Andika hivi: "Kazi inaanza siku itakapoingia arubuni ya shilingi 600,000. Bei hii inadumu siku 14 tu." Kisha nyamaza, usubiri.

Kinachoua kazi nyingi ni mteja kuchelewesha picha na bei za vyumba. Ukiandika "salio litalipwa kazi ikimalizika", kazi haimaliziki, maana picha hazijaja, na haki yako imelala kwake. Andika kwamba salio ni siku 30 tangu ulipomwonesha sura ya kwanza, picha zije zisije. Na tazama kalenda, mwanangu: masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi za pwani hufunga au hukosa wageni. Salio likiangukia hapo utaambiwa usubiri Juni. Lipange liishie Februari.

Mteja akivunja makubaliano, zuia gharama ulizokwisha toa na malipo ya siku ulizofanya, nyengine mrejeshee. Ukivunja wewe, rudisha zote. Hilo nalo liandikwe kabla.

Picha ya meseji ya muamala si pesa. Angalia salio la simu yako mwenyewe. Akituma zaidi, kisha akataka ziada uipeleke namba nyengine, usipeleke kabisa, huo ni mtego wa wezi. Mteja wa Ulaya mwambie ada zote za benki alipe mtumaji, la sivyo benki za katikati zitakata njiani na arubuni ifike pungufu.

Risiti toa siku ile ile: tarehe, kiasi, salio.

Hayo makubaliano ya Paje nipelekee niyasome kabla hujayatuma.

Mamako