Kodi ya jengo la tajiri nakatwa mimi wa uani

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu, na wala simtaji mtu jina. Mimi ni mpangaji Bwiru hapa Mwanza, nikisema Bwiru wenzangu kazini wananiangalia mara mbili, we jamaa kumbe una hela, wanajua nakaa kwenye yale majumba yaliyojengwa juu ya mawe yanaangalia ziwa. Mi nakaa savanti kota. Uani kabisa, chumba self kimoja, jirani yangu ni banda la mbwa.

Dalali alivyonitumia picha wasapu aliandika "self kali, ndani ya fensi, tailizi, viu ya ziwa". Nikalipa laki na nusu mara miezi sita, ukiweka na mwezi mmoja wa dalali milioni na hamsini ikaondoka siku moja, na ile elfu kumi ya kunizungusha juu ya bodaboda hata sijaihesabu.

Mtaa wenyewe ni wa wenye magari. Asubuhi prado zinatoka getini moja moja, sisi wengine, madada wa kazi, walinzi waliomaliza zamu na mimi, tunateremka kwa mguu mpaka Kona ya Bwiru kusubiri daladala zinazotoka Airport ambazo zikifika zishajaa, unasimama umepinda shingo mpaka mjini, pale Kirumba harufu ya dagaa wa Mwaloni inaingia dirishani na hakuna wa kufunga kioo. Jioni boda ya kupandia buku, mvua ikinyesha buku mbili. Haya nimeyazoea.

Kilichonifanya niandike ni LUKU, huu umeme wa kulipia kabla. Kota ina mita yake, nyumba kubwa na yenyewe ina yake. Siku nahamia nikanunua umeme wa elfu kumi na tano nikijua ntakaa nao wiki mbili, meseji inaingia naona yuniti nane na pointi. Nane! Nikadhani nimekosea namba ya mita. Kusoma vizuri kumbe elfu kumi na mbili imekatwa deni la kodi ya jengo, buku jero kila mwezi kwa miezi minane ambayo kota ilikaa tupu kabla mi sijafika. Yaani nimelipia miezi ambayo sijui hata nani alikuwa analala humu.

Nikamfuata mama mwenye nyumba, shikamoo mama, nikamwonyesha simu. Akasoma, akanirudishia, akasema "mwanangu umeme si unatumia wewe?" Nikamwambia mama hiyo sio ya umeme, ni ya jengo, na jengo ni lako. Akasema wapangaji wote waliopita walilipa hawakusema kitu.

Sasa Mhariri mimi sipingi kodi. Tangu 2021 ilivyohamishiwa kwenye LUKU inalipwa kirahisi na hakuna wa kukwepa, sawa, ila anayekwepa kwa sasa ndio mwenye mali mwenyewe maana vocha ya umeme nanunua mimi. Buku jero ni ndogo, najua, kuna watu watacheka, lakini kwa mwaka ni elfu kumi na nane na hati ya nyumba haina jina langu. Mkataba wetu tuligongewa muhuri serikali ya mtaa na mule ndani kuna mpaka mstari wa kutopigilia misumari ukutani, ila kodi ya jengo hamna. Wanaogonga mihuri wangeuliza tu swali moja, hii ya LUKU ni ya nani, tukaandika pale pale kwamba itapunguzwa kwenye pango, tungekuwa tumemaliza.

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Mama ameshanitumia ujumbe kwamba sasa ni laki na themanini, kwa sababu "nyumba za viu ya ziwa zimepanda". Dirisha langu linaangalia jiwe. Ziwa naliona nikisimama juu ya ndoo ya kufulia, pale kwenye kona ya simtanki.

Mpangaji wa uani,
Bwiru, Mwanza