Waandishi, fungueni historia ya makala kwanza

Ndugu Mhariri,

Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni ambayo mtu yeyote aweza kuihariri, ina manufaa makubwa, lakini haifai kunukuliwa gazetini kama shahidi. Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja Marekani aliongeza kwenye makala ya mnyama aitwaye koati kwamba hujulikana pia kama "muhanga wa Brazili". Jina hilo alilitunga mwenyewe; muhanga ni mnyama mwingine kabisa. Magazeti ya Uingereza yakalinakili, kisha habari ya gazeti ikawekwa kwenye makala ileile kuwa ushahidi. Uongo ukajishuhudia wenyewe kwa miaka kadhaa.

Kwa hiyo mwandishi asiridhike kuona tanbihi inayotaja chanzo. Aangalie tarehe yake. Afungue kichupo cha historia, kinachoonyesha mabadiliko yote ya makala, atafute siku sentensi ilipoingizwa. Chanzo kikiwa kimechapishwa baada ya siku hiyo, huenda kimenakili hapohapo. Kikiwa cha zamani, akifungue na kusoma ukurasa uliotajwa, kwa sababu kitabu chaweza kuwepo kweli na kisiseme kabisa kile kinachodaiwa. Ukurasa wa majadiliano nao huonyesha wachangiaji wanabishania nini.

Toleo la Kiswahili, lililoanza 2003, lahitaji uangalifu zaidi: wahariri wake ni wachache, hivyo kosa laweza kukaa muda mrefu bila kuonwa. Wingi wa makala si kipimo. Mwaka 2020 iligundulika kwamba maelfu ya makala ya toleo la Kiskoti, lugha ya Uskoti, yaliandikwa na kijana wa Marekani asiyeijua lugha hiyo.

Nanyi mkikuta kosa, bonyezeni "Hariri", lisahihisheni na mtaje chanzo.

Msomaji wenu,
Morogoro