Barua kwa mdogo wangu wa Busia

Mdogo wangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu huku mtandaoni ndiko unakosoma. Simu zangu hupokei. Juzi mama aliniuliza kama kuna aliyekuudhi. Anasema Idi nzima ulikaa barazani kwake ukichekea kiganja.

Wajomba wanakuita mtovu wa adabu. Mimi sikubaliani nao, maana kinachokushika kiliundwa kishike. Zamani kabla ya simu hizi, mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner alionyesha kwamba njiwa anayepata punje kwa bahati, mara ipo mara haipo, hudonoa kitufe bila kuchoka. Baadaye mtafiti Wolfram Schultz akapima ubongo wa kima: seli za dopamini, kemikali ya ubongo inayochochea hamu, zilichangamka juisi ilipokuja ghafla. Kima alipozoea, zikawa zinachangamkia ishara kwamba juisi inakuja, si juisi yenyewe. Ndio ule mlio wa simu yako. Ukifungua, mara nyingi ni tangazo la bando. Na ile kuteremka kwenye kioo cha simu bila kufika chini ilibuniwa na Aza Raskin mwaka 2006. Mwenyewe alikuja kujuta hadharani.

Kufuli la serikali yetu ya Uganda halikukuweza. Julai 2018 walipoanza kututoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, wewe ndiye uliyenifundisha VPN, njia ya kuficha unakopita mtandaoni. Facebook ilipofungwa Januari 2021, ukapitia mlango uleule. (Kodi ile niliipinga, na ningeipinga tena.)

Najua vitenge vyako vinauzwa WhatsApp na mteja wa Malaba hangoji, kwa hiyo sikwambii uitupe simu. Zima milio yote isipokuwa ya wateja na ya wanaokupigia. Kinachoniuma ni hiki: shangazi alipolazwa, kundi la ukoo lilijaa alama za mikono ya dua, nawe ulituma tatu. Waliofika wodini walihesabika. Nadhani kila mmoja wetu, akishabonyeza ile alama, aliona ameshakwenda. Shangazi hana simu ya kuzionea dua hizo.

Jumapili napanda basi la asubuhi. Nitakaa dukani mpaka ufunge, kisha twende Tororo kwa mama, tule huko. Simu ya biashara mwachie kijana wako, awajibu wateja. Bei anazijua.

Kaka yako, Kampala