Barua kwa mwanangu Mwanaidi, kabla hujajifungua

Makorora, Tanga

Mwanangu mpenzi Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, ila moyo wangu hautulii tangu uliponiambia kwenye simu kwamba mambo ya vipimo vya mtoto utayaamua ukishajifungua. Yaamue sasa. Huko Ujerumani kipimo cha SMA, ugonjwa wa kudhoofika misuli unaotokana na kufa kwa seli za neva za uti wa mgongo, kimo katika vipimo vya watoto wachanga tangu Oktoba 2021. Matone machache ya damu huchukuliwa kisiginoni mtoto akiwa na saa 36 hadi 72, lakini hayachukuliwi bila ridhaa ya wazazi. Wakikuletea karatasi, tia saini.

Habari za kaka yako unazijua, sitazirudia. Usichokijua ni jinsi alivyokuwa akipumua: tumbo lilipanda huku kifua kikizama, na miguu ililala imepanuka kama ya chura, ilhali macho yake yalimfuata kila aliyeingia chumbani. Hakuna aliyetutajia jina la ugonjwa. Ikiwa ulikuwa huo, basi mimi na baba yako sote tulibeba jeni yenye hitilafu pasipo kuugua, nawe una uwezekano wa 2 kati ya 3 wa kuibeba. Mumeo naye ni mtoto wa ami yako. Siilaumu ndoa yenu, niliyoipigia vigelegele mwenyewe; nasema kwa sababu nyote wawili mkiwa nayo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa.

Seli ya neva ikishakufa, dawa haiifufui. Mtoto mwenye aina kali asipotibiwa, kwa kawaida hafiki miaka 2 bila mashine ya kupumulia. Lakini katika utafiti mmoja, watoto 25 walianzishiwa nusinerseni, sindano ya kwenye maji ya uti wa mgongo, kabla hawajatimiza wiki 6 na kabla ya dalili yoyote. Matokeo yalipotolewa mwaka 2019 wote walikuwa hai, na hakuna aliyehitaji mashine ya kudumu. Siku hizi ipo pia risdiplamu, ambayo mtoto hunyweshwa, na tiba ya jeni inayotolewa mara moja tu. Huku kwetu wakunga tunasubiri dalili zijitokeze, wewe uko mahali ambapo hazisubiriwi, kisha unaniambia, "Mama, acha kuwaza." Najivunia elimu yako mbele ya majirani, lakini jibu lile halikunipendeza.

Majibu yakiwa mazuri, mshukuru Mungu na uendelee kumtazama, kwani wagonjwa wapatao 5 katika 100 wana hitilafu ya namna nyingine ambayo kipimo hicho hakiioni. Ukimwona hapigi miguu, analia kwa sauti dhaifu au anachoka kunyonya, usingoje miadi ijayo ya kliniki.

Shangazi yako anakuja huko mwezi ujao, nimempa kanga za mbeleko na mafuta ya nazi niliyoyakamua mwenyewe. Fedha ulizotuma za kuezeka jiko nimeziweka kwanza, isije ikahitajika nauli yangu. Mwambie mumeo kuhusu karatasi ile leo hii, nawe unijulishe siku damu itakapochukuliwa, na tena siku majibu yatakapotoka, hata kama ni usiku wa manane.

Mama yako