Kikombe cha methadone kisogezwe huku kwetu

Ndugu Mhariri,

Kuna watu mtaani wanaoiita methadone, dawa ya hospitali ya kumtoa mtu kwenye heroini, "unga wa serikali". Hao hawajawahi kumshika mtoto mwenye arosto, yale mateso ya kukosa unga. Mimi nimemshika usiku kucha, anatapika, mifupa inamuuma, huku akiniapia kwamba kesho anaacha.

Sasa ni mwaka wa tatu mwanangu anakunywa dawa hiyo: kikombe kimoja kila siku, mbele ya mhudumu, basi. Hasinzii hovyo. Akirudi ananisaidia kuchoma vitumbua, na chenji za wateja anazishika yeye.

Mwaka jana aliugua kifua kikuu. Alipoanza vidonge arosto ikamrudia, ilhali kikombe hakukosa hata siku moja. Majirani wakasema karudia unga. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuficha pesa za mchele. Daktari wake ndiye aliyeomba kadi zote mbili, akaziweka pamoja mezani. "Mama, mtoto hajakudanganya. Kwenye vidonge vya TB mna rifampisini, inaimaliza methadone mwilini mapema." Akampandisha dozi kidogo kidogo. Kisha akamuuliza, "Usiku unalala?" Nimemzaa mimi, lakini swali hilo sikuwahi kumuuliza. Kumbe hajapata usingizi wa maana tangu baba yake afariki, na unga alianza kuuvuta ili apate kulala. Daktari hakumwandikia barua ya kwenda kwingine. Alimpeleka mwenyewe chumba cha pili, kwa muuguzi wa afya ya akili.

Tiba hii ilianza Muhimbili mwaka 2011, na vituo vimeongezeka. Ila sisi wa Chamazi tunapanda daladala mbili kwenda, mbili kurudi, Jumapili na sikukuu zimo. Vitumbua visipouzika, anatoka kwa miguu alfajiri. Wenzake wawili waliokuwa wakiongozana naye wameshaacha kikombe, na si kwa kuutamani unga. Mmoja namwona stendi anapiga debe kwenye daladala zile zile alizokosa nauli ya kupanda.

Naiomba Wizara ya Afya ifikirie zahanati za pembezoni. Zinachanja watoto, zinatoa dawa za presha. Kwa vijana waliokwisha kutulia, kikombe kimoja kinashindikana nini? Hata kama ni muuguzi mmoja kuja na gari asubuhi na kuondoka saa nne.

Mama Muuza Vitumbua,
Chamazi, Dar es Salaam