Hisa zinapanda, lakini nani anazipandisha?

Mhariri,

Kila soko la hisa linapopanda tunaambiwa uchumi umeimarika. Mimi sishawishiki. Fahirisi, yaani kipimo cha pamoja cha bei za hisa, kama S&P 500 ya kampuni kubwa za Marekani, huzipa uzito kampuni kulingana na thamani yake sokoni, hivyo vigogo wachache wa teknolojia wakipaa, fahirisi nzima hupaa nao, hata kama mamia ya kampuni nyingine zimekwama palepale.

Halafu kuna hili lisilotajwa sana: kampuni kununua hisa zake zenyewe, jambo ambalo Marekani ililegezea masharti mwaka 1982. Kampuni yenye faida ya dola milioni 100 na hisa milioni 100 ikinunua na kufuta hisa milioni 10, faida kwa kila hisa inatoka dola 1 hadi 1.11, bila kuuza hata bidhaa moja ya ziada, na hisa inaonekana ya kuvutia zaidi kwa wanunuzi. Riba ikishuka ndiyo kabisa, maana fedha za kununulia zinakopeka kwa urahisi. Na bonasi za wakubwa mara nyingi hufuata kipimo hichohicho cha faida kwa kila hisa!

Na kupanda si uthibitisho wa uimara: Nasdaq, fahirisi nyingine ya Marekani iliyojaa kampuni za teknolojia, ilivuka pointi 5,000 Machi 2000, ikaporomoka, na haikurejea kilele hicho hadi 2015.

Naomba waandishi wenu wa biashara, wanapotangaza pointi zilizoongezeka, watuambie pia ni kampuni ngapi zimepanda siku hiyo na ngapi zimeshuka.

Msomaji wenu