Barua kwa Rehema kuhusu Daktari Petiot

Kwako Rehema,

Salamu nyingi, na natumaini wote hapo nyumbani hamjambo. Uliniuliza ilikuwaje watu wazima, wengine wafanyabiashara wazoefu, wajipeleke wenyewe kwa Marcel Petiot, daktari aliyewaua. Swali lako ni zito, na jibu lake limo katika masharti aliyowapa.

Paris ya mwaka 1942 ilikuwa mikononi mwa Wajerumani na Wayahudi walikuwa wakisakwa. Petiot, daktari wa mtaa wa Caumartin, akaeneza habari kwamba ana njia ya kuwatorosha watu hadi Argentina. Bei ilikuwa faranga 25,000 kwa mtu. Masharti: usimwambie yeyote, njoo na dhahabu, vito na pesa zako zote, na ufute alama za jina kwenye nguo zako. Halafu kuna chanjo, akidai Argentina haimpokei mtu bila hiyo.

Litazame kila sharti, Rehema. Mtoroshaji wa kweli angesema hayohayo! Ndiyo maana hawakushtuka. Mtu alijifutia nyayo zake mwenyewe, na alipopotea, jamaa zake walinyamaza wakiamini kwamba kimya chao ndicho kinachomlinda. Joachim Guschinow, muuza nguo za manyoya, aliondoka Januari 1942. Mkewe akaambiwa mumewe amefika salama, akahimizwa amfuate. Hakwenda, na hilo ndilo lililomwokoa.

Nyumba yake alimowapokea ilikuwa namba 21, mtaa wa Le Sueur. Ndani mlikuwa na chumba kidogo cha pembe tatu, hakina dirisha, kina mlango wa bandia usiofunguka, kengele isiyounganishwa popote, na tundu la kuchungulia ukutani. Aliwaua vipi hasa? Madaktari wa mahakama walishindwa kuthibitisha, maana miili ilikuwa imeharibiwa mno. Sindano ya ile “chanjo” ndiyo inayodhaniwa zaidi.

La kuumiza ni kwamba mwezi Mei 1943 Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, walimkamata, lakini kwa sababu waliamini anatorosha watu kwelikweli. Wakamfunga katika gereza la Fresnes hadi Januari 1944, wakamwachia. Baadaye kifungo hicho akakigeuza ushahidi wa uzalendo wake.

Tarehe 11 Machi 1944 majirani walilalamikia moshi wenye harufu mbaya. Petiot akapigiwa simu, akasema anakuja, wasiingie. Akachelewa. Zimamoto wakapitia dirishani, na chini kabisa wakakuta tanuri likiwaka na viungo vya watu, kisha shimo la chokaa lenye mabaki zaidi. Petiot akafika kwa baiskeli, akamnong'oneza polisi kwamba hayo ni maiti ya Wajerumani na wasaliti. Polisi, Mfaransa anayewachukia wavamizi, akamwacha aende zake! Uongo uleule wa siri ya kizalendo ukamwokoa tena.

Kilichomponza ni kushindwa kunyamaza. Baada ya Paris kukombolewa, gazeti moja liliandika kwamba aliwatumikia Wajerumani. Akajibu kwa barua ndefu ya mkono wake. Wapelelezi wakajua bado yumo mjini, na mwandiko ukawasaidia kumfuatilia hadi jeshini, ambako alijiita Kapteni Henri Valéri na kufuga ndevu. Alikamatwa tarehe 31 Oktoba 1944 kwenye kituo cha metro, Saint-Mandé.

Kesi ilianza Machi 1946. Masanduku ya marehemu yalirundikwa mahakamani, jamaa wakiyatambua. Petiot alidai ameua watu 63, wote maadui wa Ufaransa, lakini hakuweza kuleta hata mpiganaji mmoja wa kundi la kupinga Wajerumani alilodai kuwa nalo. Na familia nzima za Kiyahudi, pamoja na mtoto mdogo, zilikuwa maadui wa nani? Alitiwa hatiani kwa mauaji 26, akakatwa kichwa kwa gilotini tarehe 25 Mei 1946. Dhahabu na pesa alizowanyang'anya hazikupatikana.

Nisalimie mama.

Wako,
Zuhura